Diani ikifungwa, Ukunda hula nini?

Lori la machungwa likitoka Muheza na kuvuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, mji mkubwa wa kwanza linaoukuta njiani kuelekea Mombasa ni Ukunda. Kutoka mpakani hadi hapo hazifiki kilomita 80. Dereva haoni bahari. Anachoona ni vibanda vya M-Pesa, tuktuk zilizojipanga, maduka ya vyuma na saruji, na njia panda inayoshuka mashariki kilomita chache hadi ufuo wa Diani, ambao picha zake zimejaa katika vitabu vya watalii.

Diani na Ukunda, katika Kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, ni mji mmoja wenye sura mbili. Mgeni hulala Diani. Anayemtandikia kitanda, anayempikia, anayemlinda usiku na anayemwendesha kwenda kuona pomboo Shimoni hulala Ukunda, katika mitaa kama Mvindeni, Mwakamba, Bongwe na Gombato. Asubuhi watu hushuka pwani, jioni hupanda juu. Fedha nazo hufuata njia hiyo hiyo, ila haziji kila mwezi.

Mwaka wa hapa una majira mawili makubwa, na majina yake ni ya pepo. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka: bahari hutulia, mchanga huwa mweupe na hoteli hujaa kuanzia Krismasi hadi Machi. Kisha hugeuka kusi. Masika hushuka Aprili, mwani huletwa ufuoni kwa mafungu, na wageni kutoka Ulaya hutoweka hadi Julai, wanapoanza kurudi kwa likizo zao za kiangazi, wengi wakiwa wametoka kutazama nyumbu Maasai Mara. Katika miezi hiyo ya kati baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa na kupaka rangi. Nyingine hufunga jengo moja na kuacha jingine.

Kodi ya nyumba haifungi. Swali la kila kaya ya Ukunda ni jinsi ya kula miezi kumi na miwili kwa fedha ya miezi saba au minane, na jibu lake linamgusa moja kwa moja mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka ng'ambo ya mpaka, maana sehemu ya jibu hilo imeandikwa katika daftari lake la madeni.

Mshahara unaokwenda likizo

Wafanyakazi wa hoteli hawako katika kapu moja. Juu wako wenye ajira ya kudumu. Hawa Mei ikiwafika hupewa likizo yao ya mwaka, ambayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka isipungue siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Hoteli hupenda likizo zote ziangukie msimu mbovu, na mfanyakazi hana la kufanya. Siku hizo zikiisha kabla wageni hawajarudi, wapo wanaoombwa wakae nyumbani zaidi bila malipo, na wengi hukubali kwa sababu anayekataa huenda asikumbukwe Julai.

Chini yao wako wa mikataba ya msimu, na chini kabisa vibarua, wale wanaopigiwa simu hoteli ikijaa na kuambiwa "tutakuita" ikipungua. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, KUDHEIHA, kipo na hujadiliana na waajiri. Lakini sheria huhitaji mtu wa kuidai, na mtu mwenye chumba cha kupanga na watoto watatu hapeleki mwajiri mahakamani kirahisi katika mji ambao mameneja wanafahamiana.

Hata mshahara wenyewe haufiki mzima. Kuna makato ya mfuko wa uzeeni wa NSSF, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kinachomwinua mhudumu wa meza wakati wa kaskazi si mshahara bali bakshishi, na katika hoteli nyingine mgao wa ada ya huduma. Vyote viwili hupanda na kushuka na idadi ya wageni, kwa hiyo mwezi mbovu humpiga mara mbili.

Wapo pia wasio na mwajiri: wauza vinyago, waendesha ngamia, manahodha wa mashua za vioo, kina mama wanaosuka nywele na kukanda mwili, na vijana wa ufuoni waliojifunza Kijerumani, Kiitaliano na siku hizi hata Kipolandi bila kuingia darasani. Lugha ndiyo mtaji wao. Msimu mzuri kijana mmoja anaweza kushika fedha kuliko karani wa ofisi. Mwezi wa Mei huonekana kijiweni akisubiri kuitwa kubeba mchanga wa ujenzi.

Chumba na maji

Ukaribu na bahari una bei, na mwenyeji hawezi kuilipa. Nyumba zilizo kando ya barabara ya hoteli zimegeuzwa kuwa za kukodishwa kwa usiku, kwa wageni wanaozitafuta kwenye simu badala ya kwenda hotelini. Mwenye nyumba anayeweza kupata kwa usiku chache kile ambacho mpangaji wa kawaida angelipa mwezi mzima hahitaji kufikiri sana. Wapangaji wamesukumwa juu, ng'ambo ya barabara kuu ya Lunga Lunga, na kila hatua wanayosogea huongeza nauli ya bodaboda au tuktuk kwenda kazini. Anayetoka zamu ya usiku hulipa zaidi.

Huko juu makazi ya kawaida ni chumba kimoja katika nyumba ya ukumbi, milango ikitazamana, choo na bafu vya pamoja uani. Umeme ni wa tokeni, na hununuliwa kidogo kidogo. Maji ndiyo kero ya kila siku. Visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi. Maji matamu yapo kaskazini kidogo, Tiwi, ambako visima virefu vimekuwa vikilisha pwani ya kusini hadi Likoni, lakini bomba likikauka mtu hununua dumu la lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Kaya inayotumia madumu matano kwa siku hununua 150 kwa mwezi. Hesabu hiyo huikuti kwenye bajeti ya mtu anayeuliza kodi tu kabla ya kuhamia.

Msimu ukifunga, mbinu ya kwanza ni kupunguza watu chumbani. Mfanyakazi aliyetoka Taita, Ukambani au Kisumu humrudisha mke na watoto kwao, kisha yeye na wenzake wawili hubaki chumba kimoja wakigawana kodi. Mbinu ya pili ni kumkabili mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi ni watu wa hapa hapa, nao wanajua kwamba wakimtoa mpangaji Mei chumba kitakaa tupu hadi Julai. Hukubali nusu kodi, salio lilipwe hoteli zikifunguliwa. Ni mapatano ya mdomo tu, na ndiyo yanayomfanya mhudumu wa hoteli arudi kila mwaka chumba kile kile.

Mvua ya mmoja, njaa ya mwingine

Kuna jambo ambalo wageni wanaokuja kuandika habari za Diani hulipita. Masika yanayofunga hoteli ndiyo yanayofungua shamba. Mdigo mwenye ekari mbili au tatu nyuma ya Ukunda, au kwa wazazi wake Msambweni na Lunga Lunga, akipewa likizo Aprili hana haja ya kulia. Anakwenda kupanda mahindi, kunde na mpunga mabondeni. Mihogo iko ardhini, haihitaji ghala. Minazi huangusha mwaka mzima. Mikorosho na miembe huzaa mwisho wa mwaka, wakati hoteli nazo zimejaa, kwa hiyo kaya ya namna hii hupata riziki mbili wakati mmoja na chakula katika mwezi ambao jirani yake mpangaji hana kitu.

Bahari haisaidii hivyo. Kusi ni upepo wa mawimbi, na ngalawa ndogo hukaa juu ya mchanga siku nyingi. Samaki hupungua sokoni na bei yake hupanda katika miezi ile ile ambayo mifuko ni mitupu. Kinachobaki ni pweza na chaza wa kwenye miamba, ambao kina mama hushuka kuwatafuta maji yakitoka sana wakati wa bamvua. Hapo ndipo dagaa mkavu anapopata soko. Anayemleta kutoka Tanga, au hata kutoka Ziwa Victoria, hupata wanunuzi Mei kuliko Januari.

Kwa hiyo umaskini wa msimu hauwagusi wote sawa. Anayeumia zaidi ni mpangaji asiye na shamba karibu, na mwenyeji ambaye shamba la babu yake liliuzwa zamani, pengine kwa bei ya vitunguu, na sasa lina ukuta wa mawe na bwawa la kuogelea. Ardhi ya ufuo wa Diani ilitoka mikononi mwa wenyeji kwa njia nyingi, nyingine za haki na nyingine zilizoacha kinyongo mpaka leo. Familia iliyobaki na shamba imebaki na bima. Iliyouza ina kazi ya hoteli, msimu ukiwepo.

Daftari la dukani

Fedha zikikauka, watu wa Ukunda hawaendi benki kwanza. Huanza na simu: Fuliza, M-Shwari na programu nyingine za mikopo. Mikopo hiyo ni ya siku au wiki chache, na deni la kusubiri Julai haliwezi kubebwa nayo. Ndipo huja duka.

Duka la mtaani huandika. Unga, sukari, mafuta, sabuni, kila kitu kwa jina la mtu na tarehe. Vipimo navyo hupungua. Mafuta ya kupikia yanayonunuliwa kwa chupa Januari hupimwa kwa kikombe kidogo Mei. Vitunguu vilivyouzwa kwa kilo huuzwa kwa fungu. Wakenya huuita uchumi wa kadogo, na ni ghali: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo. Lakini hana la kufanya kama mkononi ana shilingi hamsini.

Duka nalo hukopa kwa muuzaji wa jumla, na wa jumla hukopa kwa mwenye lori. Hivyo ndivyo kufungwa kwa hoteli Diani kunavyomfikia mtu wa Muheza ambaye hajawahi kukanyaga ufuo huo. Wafanyabiashara wapya wa mpakani hulijua hili wakiwa wamechelewa.

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye mtaji wa shilingi 20,000 za Kenya, anayepata faida ya 2,000 kila anapouza mzigo wote. Akiuza taslimu na kurudi mpakani kila wiki, katika wiki 12 atakuwa amezungusha mtaji mara 12 na kupata 24,000. Akiukopesha mzigo wote mwishoni mwa Aprili na kulipwa mwishoni mwa Julai, faida ni ile ile 2,000, na miezi mitatu imekwenda. Ndiyo maana bei ya mkopo Ukunda hutofautiana na bei ya taslimu hata kama hakuna anayesema hivyo waziwazi. Wazoefu hugawa mzigo: sehemu ndogo hukopeshwa kwa wateja wa miaka yote ili wasihamie kwa mwingine, sehemu kubwa huuzwa kwa fedha mkononi kwa kina mama wa sokoni, ambao hulipa siku hiyo hiyo.

Kuuzia hoteli yenyewe ni jambo jingine. Ni soko tamu, lakini hoteli nyingi hununua kupitia mawakala wenye zabuni na hulipa baada ya wiki kadhaa au miezi. Aliyepeleka mzigo Machi anaweza kukuta ofisi ya malipo imekwenda likizo pamoja na wapishi. Mtaji mdogo hauvumilii hilo.

Wanaookoa kaya nyingi ni wanawake na vyama vyao, kile ambacho Watanzania hukiita upatu au kikoba. Chama kilichopangwa vizuri huchanga kwa nguvu kuanzia Desemba hadi Machi na kugawa Aprili mwishoni, na hiyo si bahati mbaya. Ada za muhula wa kwanza hudaiwa Januari, wakati bakshishi zipo. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni, siku zile zile hoteli zinapozima taa. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa ada ya muhula huo wa pili kuliko wa kwanza. Mama anayekaanga viazi karai na bajia mlangoni jioni, huku mume yuko likizo bila malipo, mara nyingi ndiye anayelipa ada hiyo, na jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya mtalii yeyote.

Kalenda ya mfanyabiashara

Treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza 2017, na ndege ndogo zinazotua uwanja wa Ukunda zimeleta mteja mwingine: Mkenya wa Nairobi. Huyu haogopi mvua sana. Huja Pasaka, huja likizo za shule za Agosti, huja Desemba. Kukaa kwake ni kwa siku chache na matumizi yake ni tofauti, kwani hula samaki wa kukaanga kibandani na hununua madafu barabarani, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya fedha yake hubaki Ukunda. Wiki ya Pasaka imekuwa kisiwa katikati ya msimu mbovu, na mwenye mzigo wa matunda anapaswa kuijua tarehe yake kama anavyojua ya Idi.

Ramadhani nayo inatembea. Mwaka 2018 ilianza katikati ya Mei, hoteli zikiwa zimelala, na biashara ya tende, tambi, maboga na viazi vitamu iliamsha mji uliokuwa kimya. Mwaka 2026 imeangukia katikati ya Februari, kilele cha wageni. Kila mwaka inasogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Maana yake, kwa miaka kadhaa ijayo Mei haitakuwa na Ramadhani ya kuibeba.

Kwa upande wa mpakani, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na umetoka nchi mwanachama, unaweza kupitia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti chake cha asili ya bidhaa hupatikana pale pale kituo cha pamoja cha Horohoro na Lunga Lunga. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, na hakimwokoi aliyefunga mzigo kwenye mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Vinyago vya Kimakonde na picha za Tingatinga, ambazo hutundikwa kwa wingi kando ya barabara ya Diani, ni mzigo wa kufikisha Novemba. Anayezileta Aprili atazitunza kwa mwenye nyumba.

Miaka bila msimu

Hesabu zote hizo zinadhani kwamba msimu utarudi. Kuna miaka haukurudi. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwakimbiza wageni pwani yote ya kusini. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya Mombasa na eneo la pwani hadi Tiwi. Diani yenyewe haikuwemo, lakini kampuni za utalii zilirudisha wageni wao na hoteli zikabaki na vitanda vitupu. Mwaka 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Kenya kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, Kwale ikafungwa kwa watu kuingia na kutoka, na Mei mpaka na Tanzania ukafungwa kwa abiria, malori ya mizigo tu yakipita. Mwaka huo wengi walirudi mashambani na baadhi hawakurejea Ukunda.

Kwa miaka kumi na zaidi kulikuwa na nguzo ya pili. Mgodi wa titani uliokuwa Kwale, bara kidogo ya Msambweni, ulilipa mishahara isiyojua kaskazi wala kusi, na wafanyakazi wake walikula, walipanga na walinunua Ukunda mwezi wa Mei kama mwezi wa Januari. Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa Desemba 2024, madini yalipokwisha. Kiwanda cha sukari cha zamani cha Ramisi kilikufa mapema zaidi, 1988. Mji umerudi kuegemea ufuo kuliko ilivyokuwa muongo mmoja uliopita.

Katika mwaka huo huo wa 2024 barabara ya Dongo Kundu ilikamilika, na gari linaweza kutoka Mombasa hadi pwani ya kusini bila kusubiri feri ya Likoni. Kwa mtalii anayetoka uwanja wa ndege ni saa kadhaa alizookoa siku ya foleni. Kwa muuza mboga wa Ukunda ni mzigo wa soko la Kongowea unaofika alfajiri. Lori la Muheza, lililozoea kuukuta mji huu kabla ya mizigo ya Mombasa kuvuka maji, sasa hukuta bei imeshawekwa.